Wimbo Mlangoni mwa Shule
Habari za nyimbo, ngoma na masomo ya watoto wetu katika West Nile

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Wakubwa wa jumuiya yetu waliponiomba niandike machache kwa ajili ya kitabu hiki cha ukumbusho, nilidhani watataka habari za ujenzi wa msikiti, au majina ya wazee waliotangulia mbele ya haki. Kumbe walitaka jambo jingine. Walisema, "Mwalimu, tuandikie juu ya nyimbo na ngoma shuleni." Sababu yao waliijua, nami naijua. Hapa Inde, na Arua, na Koboko, haupiti mwaka bila mzazi kuja msikitini na swali lile lile: Mtoto wangu aingie katika kundi la ngoma la shule, au nimkataze? Na saa ya somo la nyimbo, akae darasani au atoke nje? Mmoja hujibiwa hivi na mwingine hujibiwa vile, na watoto ndio wanaobaki katikati.

Mimi si mufti, wala sitatoa fatuwa. Nilikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, na kazi yangu katika kurasa hizi ni kueleza mambo yalivyokuwa, ili kila mzazi ajue swali hili limetoka wapi. Lakini sitaficha niliyoyaona katika habari hizi. Wazee wetu hawakuiogopa shule kwa sababu ya sauti. Waliogopa maneno yaliyotiwa ndani ya sauti ile, na waliudhika kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Gharama ya jambo hilo tumeilipa sisi na watoto wetu.

CHUO KILIKUWA SHULE YA SAUTI

Mtu asidhani kwamba kufundisha watoto kwa sauti yenye mwendo kuliletwa na Mzungu. Kabla hajaja padre wala mkaguzi wa shule, alikuwako mwalimu wa Kurani chini ya mti au barazani, na mbele yake watoto wenye mbao za kuandikia. Watoto wale walitamka herufi pamoja, kwa pumzi moja, na miili yao ikiyumba mbele na nyuma. Aliyekosea alisikika mara moja, kwa kuwa sauti yake ilitoka nje ya sauti za wenzake. Baadaye walifundishwa tajwidi: wapi pa kuvuta, wapi pa kukata, wapi sauti ipite puani, wapi msomaji atue.

Hakuna mwanachuoni aliyeuita usomaji huo muziki, wala mimi siuiti. Kurani ina daraja yake peke yake. Nasema tu kwamba wazee wetu walijua jambo ambalo vyuo vya ualimu hulifundisha leo kana kwamba ni jipya, nalo ni kwamba sikio la mtoto hushika kabla ya jicho lake, na kwamba maneno yaliyobebwa na sauti hudumu kifuani hata uzeeni. Vivyo hivyo katika Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18 na kuenea Afrika Mashariki yote, watoto wengi walijifunza sira ya Mtume kwa kuitikia kabla hawajaweza kusoma mstari mmoja.

Basi tukianza habari hii, tuanze hapo: Mwislamu hakuwa mgeni wa sauti darasani.

NGOMA ILIYOKUJA NA ASKARI

Uislamu uliingia sehemu zetu kwa njia isiyofanana na ile ya pwani. Kule ulikuja kwa jahazi na biashara. Huku ulikuja kwa mto na kwa jeshi. Serikali ya Misri ilijenga ngome zake kando ya Mto Nile, na mbili kati ya hizo zilikuwa katika nchi hii tuikaliayo: Dufile upande wa Moyo, na Wadelai upande wa Pakwach. Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Ikwatoria tangu mwaka 1878, alihamia Wadelai baada ya jeshi la Mahdi kuikata njia ya Khartoum. Alipoondoka pamoja na Stanley mwaka 1889, askari wengi walibaki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, chini ya Selim Bey, akawachukua mia kadhaa pamoja na maelfu ya wake, watoto na wafuasi wao. Hao ndio chanzo cha Wanubi wa Uganda, nao walisambaa hadi Bombo na Kibera. Mwaka 1914, sehemu ya kusini ya nchi ya Lado ilipotiwa Uganda na A. E. Weatherhead akafungua boma la Arua, Wanubi waliitwa tena wawe wakalimani na wasaidizi wa serikali.

Watu hao walitoka makabila mengi. Mmoja alikuwa Mbari, mwingine Mdinka, mwingine Mmakaraka, na wake zao walikuwa Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Waalur. Kilichowaunganisha kilikuwa dini, na Kinubi kilichozaliwa katika Kiarabu cha kambini, na jambo la tatu ambalo waandishi hulisahau: ngoma ya wanawake iitwayo doluka. Mwanamume alijifunza lugha mpya kwa amri za gwaride. Mwanamke aliifundisha kwa watoto kwa nyimbo. Harusini wanawake waliivaa gurbaba yao, wakapiga ngoma, wakaimba sifa za bibi arusi na ukoo wake, na humo humo wakamkanya aliyefanya aibu. Kwa kabila lililokuwa halina kitabu cha historia yake, doluka ilikuwa daftari.

Nayo ilikuwa na mipaka yake. Haikupigwa msibani, wala karibu na msikiti wakati wa sala, wala katika siku za Ramadhani. Kila mtu alijua mahali pake na saa yake, na kwa sababu hiyo sheikh na mpiga ngoma waliweza kukaa mtaa mmoja pasipo ugomvi kila siku.

"MSOMAJI" ALIKUWA NANI?

Shule za kuandika na kusoma Kiingereza zilifika Arua pamoja na misheni. Mapadre wa Verona walifika mwaka 1917, na wamisheni wa Africa Inland Mission wakafuata mwaka 1918 na kukaa Mvara. Serikali ya Mwingereza wakati ule haikuwa na shule zake; kazi hiyo iliwaachia wamisheni. Hatuwezi kukana kwamba walifanya kazi kubwa. Waliandika Kilugbara, wakatibu wagonjwa, wakawafundisha useremala na uashi watu wengi ambao hadi leo wajukuu wao wanafaidika.

Lakini shule ile ilikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na wimbo. Asubuhi ilianza kwa wimbo wa kanisa na kufungwa kwa wimbo wa kanisa. Kitabu cha kwanza cha kusomea kilikuwa katekisimu. Katika Uganda nzima neno "msomaji" lilipata maana ya Mkristo, hata ikawa mtu akisema kijana fulani amekwenda kusoma, jirani huelewa kwamba atabatizwa. Fikiri hali ya baba Mwislamu. Mwanawe wa miaka saba anarudi nyumbani jioni, amefurahi, anaimba. Na baba anasikia katika kinywa cha mtoto wake maneno yanayokataa imani ya nyumba ile. Mtoto hajui maana yake. Yeye ameipenda sauti tu. Na hilo ndilo lililomtisha baba, kwa kuwa alijua, kama mwalimu wa chuo alivyojua, kwamba kilichoingia kwa wimbo hakitoki upesi.

Wengi waliwatoa watoto wao. Wachache waliwaacha, na baadhi ya watoto hao walibadilishwa majina na dini. Matokeo yake yanajulikana kwa kila nyumba yetu. Zilipogawanywa kazi za ukarani, za ualimu na za uganga wa hospitali, Waislamu hawakuwamo; waliobaki walikwenda jeshini, polisi, katika udereva, uchinjaji na biashara ndogo ndogo. Watu wakasema, "Mwislamu hapendi elimu." Maneno hayo si kweli. Mwislamu alipenda elimu, ila aliambiwa ainunue kwa bei ambayo hakuweza kuitoa.

Tazameni mfano wa Unguja. Serikali ya huko ilipofungua shule zake mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi wengi hawakupeleka watoto, kwa hofu ile ile. Kurani ilipotiwa katika masomo, hofu ilipungua na watoto wakaja. Wazazi walikuwa wale wale. Mlango ndio uliobadilika.

MAWAZO YANAPOGEUKA

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki kuangalia shule, na taarifa yake ikatoka mwaka 1925. Mwaka huo huo serikali ya London ilitangaza siasa yake ya elimu katika Afrika, na Uganda ikapata Idara ya Elimu chini ya Bwana Eric Hussey, aliyekuwa ametumika Sudan. Jambo jipya katika maandiko hayo lilikuwa kusema kwamba elimu ifuate desturi za wenyeji na kuzihifadhi zilizo njema. Hadi wakati ule ngoma ya Mwafrika ilikuwa imefukuzwa katika viwanja vya shule nyingi kwa kuitwa ushenzi.

Aliyeonyesha kwa vitendo thamani ya muziki wa nchi hii alikuwa Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekuja Uganda mwaka 1937 na kuiongoza Makumbusho ya Uganda tangu 1948 hadi 1957. Alisafiri sehemu nyingi akinasa sauti za waimbaji na wapiga ala, na sauti hizo sasa zimerudishwa na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mzungu huyu hakuuliza, "Nitawafundisha wimbo gani?" Aliuliza, "Ninyi mnaimba nini, na lini, na kwa nini?" Swali hilo ningependa liandikwe ukutani mwa kila chuo cha ualimu.

Upande wetu Waislamu, ahueni ilianza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944 ilianzishwa Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, na mbele yake alisimama Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu wa Kibuli. Mwaka 1945 ikaanzishwa Mombasa jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki kwa juhudi ya Aga Khan, ikasaidia kujenga shule na misikiti. Hivyo mtoto aliweza kujifunza hesabu na Kurani chini ya paa moja. Kisha baada ya uhuru wa 1962, sheria ya elimu ya mwaka 1963 iliziweka shule zilizopata ruzuku chini ya uangalizi wa serikali, na mtoto wa dini yo yote akaweza kuingia shule yo yote.

Enzi zile nchi zote za jirani zilitaka kurudisha ngoma zao. Tanganyika, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi wa Desemba 1962, alilalamika mbele ya Bunge kwamba wasomi walifundishwa dansi za Ulaya huku wakizidharau ngoma za baba zao. Uganda nayo iliingiza nyimbo, ngoma na maigizo katika shule na katika mashindano, kuanzia kata hadi taifa. Hivyo ngoma iliyofukuzwa na misheni ilirudi kwa mlango wa serikali. Lakini iliporudi, mara nyingi ilirudi pasipo mipaka yake ya zamani.

WALIVYOHITALIFIANA WANAZUONI

Sasa nieleze jambo ambalo halipendezi kulisema lakini ni lazima: Waislamu wenyewe hawakuwa na kauli moja juu ya ngoma. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba siku ya Idi vijakazi wawili waliimba na kupiga dufu katika nyumba ya Bibi Aisha, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akataka waachwe kwa kuwa ilikuwa Idi. Imepokewa pia kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume akiwatazama pamoja na mkewe. Hata hivyo, wanazuoni wakubwa walitofautiana katika kuzifahamu habari hizo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika sana juu ya kusikiliza nyimbo, na akalipima jambo kwa kumtazama anayeimba, ala inayotumika, maneno yanayoimbwa, hali ya anayesikiliza, na kama mtu amelifanya kuwa mazoea ya kupotezea wakati. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikuwa mkali zaidi, akaonya dhidi ya kuzifanya nyimbo kuwa njia ya ibada.

Karibu nasi zaidi ni habari ya Lamu. Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija, alihamia Lamu katika karne ya 19, akafundisha watu wote, hata wale waliokuwa watumwa na ambao wakubwa wa mji hawakuwakaribisha darasani. Akaleta usomaji wa Maulidi ya al-Habshi pamoja na matari. Baadhi ya wakubwa walimpinga. Walisema ngoma na msikiti haviwezi kukaa pamoja. Yeye aliona kwamba matari yaliwaleta watu waliokuwa nje, na walipoingia aliwafundisha. Alifariki mwaka 1935, na msikiti wake wa Riyadha umekuwa chuo kinachoheshimiwa Afrika Mashariki. Wapo hadi leo wasiokubali matari, nao ni Waislamu wenye dalili zao.

Kwa nini naeleza haya katika habari ya shule? Kwa sababu mwalimu wa shule, hasa asiye Mwislamu, hupenda jibu moja: "Dini yenu inasemaje?" Huambiwa na mzazi wa kwanza kwamba ngoma ni halali, kisha mzazi wa pili akimjia kwa hasira humwona kuwa mkorofi. Huyo si mkorofi. Nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kufuata kauli mbili zilizotoka kwa wanazuoni wawili wa haki. Kwa hiyo hakuna njia nyingine ila kuuliza kila nyumba.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Baada ya vita vya 1979 watu wetu wengi walikimbilia Sudan na Zaire, na waliporudi katika miaka ya 1980 walikuta shule zimebomoka. Mwaka 1997 serikali ilitangaza elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakajaa. Mwaka 2007 mtaala mpya wa madarasa ya chini ukaanza, nao unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani, na nyimbo na michezo ni sehemu ya kazi ya kila juma. Kwa hiyo mzazi hawezi tena kusema kwamba nyimbo ni jambo la pembeni. Zimo ndani ya masomo yenyewe.

Katika shule moja, ambayo sitaitaja, palikuwa na binti wa darasa la sita aliyewashinda wenzake wote katika hesabu. Alikuwa mwepesi wa mwili pia, akachaguliwa katika kundi la ngoma la mashindano. Ngoma yenyewe ilikuwa ya mbali, ya kutikisa kiuno. Wavulana na wasichana walipangwa wawili wawili, na nguo zilikuwa fupi. Baba yake alikuja siku ya wazazi, akakaa mstari wa mbele, akaona. Hakupiga kelele. Alisimama, akatoka. Jumatatu binti hakuja. Mkuu wa shule alipomfuata, alimwambia, "Mzee, hilo ni somo, limo katika mtaala." Yule mzee akajibu, "Sikukataa somo. Hakuna aliyeniuliza." Binti hakurudi, na mwaka uliofuata aliolewa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa pale. Nilikuwa Mwislamu, nilimjua baba yule, na niliyaona mazoezi kwa majuma matatu. Nikanyamaza kwa kuogopa kuitwa mkwamishaji. Kila nikisikia watu wanawalaumu walimu wa dini nyingine, nakumbuka kwamba siku ile aliyejua na asiseme alikuwa mimi.

Tangu hapo nilibadili desturi yangu. Mara nyingine shule ilipotaka ngoma ya Kinubi, nilikwenda kwa bibi mmoja mzee, nikamwomba awafundishe wasichana wimbo wa doluka. Aliniuliza maswali kabla ya kukubali: Wataimba mbele ya nani? Wamevaa nini? Ni shughuli gani? Nilipomwambia ni kupokea wageni wa wilaya, alikataa wimbo niliouomba. Alisema, "Huo ni wa kumwingiza bibi arusi ndani; wageni wako wanaingia wapi?" Akatoa mwingine. Wasichana walivaa gurbaba na kujifunika vizuri, wakacheza peke yao pasipo wavulana, na wavulana wakapewa kasida. Wazazi wanne hawakutaka watoto wao wacheze. Watoto hao waliandika maneno ya wimbo ubaoni kwa Kinubi na kuyaeleza kwa Kiingereza, nao walipata alama sawa na wenzao. Hakuna aliyeacha shule.

Na jambo hili si letu Waislamu peke yetu. John Middleton, mtaalamu Mwingereza aliyekaa kwa Walugbara tangu mwaka 1949, aliandika jinsi ngoma za matanga zilivyokuwa na taratibu kali, nani aingie uwanjani na baada ya nani, hata makosa humo yakaleta ugomvi wa koo. Mwalimu kijana asiyejua atachukua ngoma ya msiba, kwa kuwa mwendo wake unapendeza, akaifanya ya kushangilia kikombe. Mzee Mlugbara atakayeudhika hapo, awe Mkristo au Mwislamu, ana haki ile ile ya yule baba wa binti.

Hata Ulaya wamekutana na swali hili. Uingereza, ambako muziki ni somo la lazima tangu sheria ya mwaka 1988, Baraza la Waislamu wa nchi hiyo lilitoa mwongozo mwaka 2007 juu ya mahitaji ya wanafunzi Waislamu, na muziki na dansi vimetajwa humo. Na Yusuf Islam, mwimbaji mashuhuri aliyesilimu mwaka 1977 na kuacha muziki, ndiye aliyefungua shule ya Kiislamu London mwaka 1983, na mwaka 2000 akatoa nyimbo za kuwafundisha watoto herufi na dini. Aliyekuwa ameziweka ala zake chini alirudi kwa sauti kwa ajili ya watoto.

LA KUFANYA

Ndugu wazazi, na ninyi walimu, natoa maoni yangu machache, nanyi mtayapima.

Kwanza, mwalimu aulize kabla ya muhula, si baada ya ghadhabu. Barua moja, au mkutano mmoja wa wazazi, watosha kueleza ni wimbo gani, ngoma gani, nguo gani, na nani atacheza na nani.

Pili, wimbo wa ibada ya dini moja usifanywe kuwa wajibu wa mtoto wa dini nyingine. Hili lilitutoa shuleni mara ya kwanza. Nasi katika shule zetu za Kiislamu, ambamo sasa wamo watoto wa Kikristo wengi, tusiwafanyie wenzetu tuliyofanyiwa. Mtoto wa Kikristo asilazimishwe kasida.

Tatu, mtoto ambaye nyumba yake haikubali ngoma apewe kazi nyingine ya heshima ndani ya somo hilo hilo: kuandika maneno, kueleza historia yake, kusoma shairi. Asisimamishwe nje juani kama mwenye kosa.

Nne, mwalimu asichukue ngoma ya watu bila kuwauliza wazee wao ni ya shughuli gani.

Tano, na hili ni letu wazazi: tusitoe mtoto shuleni kwa sababu ya saa moja ya nyimbo. Twende tukaseme na mkuu wa shule. Katiba ya mwaka 1995 inamlinda kila mtu katika dini yake na katika utamaduni wake pia, na Wanubi wametajwa humo miongoni mwa makabila ya Uganda, sawa na Wakakwa, Walugbara na Waaringa. Wazee wetu hawakuwa na pa kulalamika, sisi tunapo.

Na la mwisho, tukumbuke kwamba mabibi wanaozijua nyimbo za zamani wanapungua kila mwaka. Wapo vijana wetu wa Arua wasioweza kuzungumza Kinubi, seuze kuelewa doluka. Mzazi asiyeitaka ngoma ana haki yake. Lakini anayeiruhusu, na aipeleke shuleni pamoja na maana yake na mipaka yake, ili mtoto aipokee kama wazee walivyoipokea.

Wimbo ulisimama mlangoni mwa shule miaka mia iliyopita, na watoto wetu wakarudi nyumbani. Leo mlango u wazi. Tuingie pamoja nao, tukiulizwa na tukiuliza. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na awajaze subira walimu wao. Amina.